Kazi Isiyokwisha na Haki ya Anayekuja

Je, ni haki mtu kuwakabidhi wenzake kazi ambayo hajaimaliza? Wengi wetu tumelelewa kujibu hapana, kwamba kazi nusu ni uvivu. Katika insha hii natetea jibu jingine, kwa mfano wa kitu kidogo kinachojificha nyuma ya skrini.

Kompyuta nyingi ndogo hutoa picha kwa mfumo wa mawimbi uitwao DSI, ilhali skrini iliyopo huenda inaelewa mfumo mwingine, LVDS. Katikati huwekwa chipu ya kutafsiri, iitwayo daraja. Chipu hiyo haisaidii kitu mpaka kiini cha mfumo wa kompyuta, tuseme Linux, kiwe na kiendeshi chake, yaani programu fupi ya kuiwasha na kuieleza ipitishe picha ya ukubwa gani na kwa kasi gani.

Mwaka 2021 Linux ilipata kiendeshi cha chipu za SN65DSI83 na SN65DSI84 za kampuni ya Texas Instruments. Kwa chipu ya pili, kutumia njia mbili za LVDS kila moja peke yake ni jambo ambalo kiendeshi hakikuliweza. Mwandishi wake alilieleza wazi mwanzoni mwa faili: hali hii imejaribiwa, ile bado, na mwenye kifaa anaweza kuiongeza bila taabu kubwa.

Wapo watakaosema angemaliza kwanza. Lakini angeandikaje kwa uhakika sehemu asiyo na kifaa cha kuijaribia? Angetoa ahadi kwa kubahatisha, na gharama ingelipwa na mtu asiyemjua: pengine fundi wa Nateete anayekesha mbele ya skrini nyeusi akidhani ameunganisha waya vibaya, kumbe msimbo ule haujawahi kufanya kazi popote. Ndiyo maana kiendeshi kizuri, kikiombwa picha ya kipimo ambacho hakikiwezi, hukataa waziwazi.

Hata hivyo, udogo nao unaweza kuficha ubinafsi. Mtu anaweza kukaza namba za skrini yake peke yake ndani ya msimbo, picha ikatokea, akaenda zake. Kwake kazi imekwisha, ila anayekuja baadaye hana budi kubomoa. Pita Nateete, kando ya barabara ya Masaka, utaona nyumba zilizoezekwa kwa zege, nondo zikichomoza juu kungojea ghorofa nyingine. Nondo hizo ni ahadi, na ahadi ni deni. Zikiwa na msingi imara chini yake, mtoto ataendelea pale alipoishia mzazi. Zikiwa pambo tu, ghorofa ya pili itaua watu.

Wajenzi wa Linux wanao msingi wa namna hiyo. Kiendeshi kinaweza kuwa kidogo, lakini maelezo ya kifaa, milango yake na waya zake, yanatakiwa yajitahidi kuwa kamili tangu mwanzo, hata kwa sehemu ambazo bado hazitumiki. Vifaa vya watu vitayategemea maelezo hayo, kwa hiyo hayageuzwi ovyo.

Basi nasema ni haki kuacha kazi kabla haijakwisha, kwa masharti mawili: useme ulipoishia, na usimfungie njia anayekuja. Anayetimiza hayo ametoa kidogo, lakini kidogo hicho mwenzake anaweza kukikanyaga bila hofu.