Chumvi Mara Mbili

Mwaliko wenyewe ulikuwa mwepesi: "Jumamosi njooni tufuturu, hakuna makuu." Aliyeutoa ni mama mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam. Walioalikwa ni mawifi zake wawili na waume zao, pamoja na wafanyakazi wenza wa mumewe. Hilo la "hakuna makuu" lilidumu hadi Alhamisi, aliposikia kwamba wifi mkubwa naye kafuturisha watu wiki ile ile, na mkeka ulijaa vyakula hadi watu wakakosa pa kuweka goti.

Basi orodha ikaanza kurefuka. Mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga vilikuwemo tangu mwanzo, na kwa maoni yangu vingetosha kabisa. Vikaongezwa magimbi, ndizi mbichi kwa nyama, tambi za sukari, pilau, sambusa, katlesi, kalimati, juisi ya ukwaju na ya embe. Jikoni kuna gesi ya pleti mbili, na uani jiko moja la mkaa. Aliyewahi kupikia wageni anaijua hesabu hii inakokwenda: vyakula tisa havipikiki kwa mioto mitatu jioni moja, lazima kimoja kipikwe mapema kupisha vingine.

Kilichopikwa mapema ni mihogo. Aliipika kwa ufundi wake wote. Tui zito akaliweka pembeni, mihogo ikachemka kwa tui jepesi mpaka ikapasuka yenyewe, kisha lile zito likaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, mwiko hautulii lisije likakatika. Saa nane mchana ilikuwa tayari, inang'aa. Akaiweka mezani ipoe kidogo, akaingia kwenye pilau. Alipoikumbuka mihogo, alasiri imeshapita. Imekuwa vuguvugu, akaimimina kwenye hotipoti na kufunika.

Watu wengi hudhani hotipoti ni jiko. Kazi yake ni kutunza joto lile lile uliloipa, basi. Ukitia chakula cha moto sana, utakikuta cha moto; ukitia cha vuguvugu, umewatandikia vijidudu kitanda. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi joto 60. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, Dar inawaka kabla masika hayajashika, na tui ni kitu chepesi kuchacha. Wala tusijipe moyo kwamba kukipasha tena kunasafisha kila kitu. Kwenye wali na vyakula vingine vya wanga kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo moto wa kupasha hauiondoi.

Pilau nayo ilikuwa na kisa chake. Mama alitia chumvi, akakimbilia mkaani kugeuza samaki. Binti yake akaingia, akaona kopo la chumvi liko wazi, akadhani ameachiwa kazi hiyo, akatia. Wanazuoni wengi wanamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema akiwa na haja, na nyumba nyingi humwita mtoto asiyefunga aje aonje. Siku hiyo mtoto alikuwa ametumwa barafu.

Adhana ya magharibi ikaingia, kama saa kumi na mbili na nusu. Wageni wako mkekani na tende na maji. Mwenyeji yuko mbele ya karai, sambusa ndiyo kwanza zinaanza kubadilika rangi.

"Wifi, njoo ufungue basi!"

"Nakuja, wifi, anzeni."

Akafungulia maji ya bomba, amesimama, mwiko mkononi. Wanaume wakaenda kuswali, wakarudi. Hotipoti ilipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Hakuna aliyesema neno. Shemeji mmoja alijipakulia pilau kwa haraka ya kuokoa heshima ya mwenye nyumba, kijiko cha kwanza kikamfanya atafute jagi.

Walichofuturu kwa raha ni bakuli la kunde na birika la uji wa pilipili manga, alivyoletewa na jirani kama ilivyo desturi ya mwezi huo. Mwenyeji mwenyewe alikaa mkekani wakati wageni wanaulizia kandambili zao, karibu na isha. Wifi mkubwa aliyemtia presha, ikaja kujulikana, alikuwa amenunua nusu ya vyakula vyake kwa mama wa barazani, na kalimati zake zilitoka kwa dada yake.

Kabla mwezi haujaisha aliwaita tena watu wale wale. Safari hii alipika mihogo, samaki na uji tu, akaanza baada ya alasiri ili mihogo itoke motoni watu wakiwa wanatawadha. Uji ulishaiva na uko kwenye chupa. Mtoto alionja chumvi akalipwa kipande cha samaki. Walipouliza waje na nini, zamani angejibu "njooni na midomo yenu". Sasa akagawa: wewe juisi, wewe sambusa, ukiwa umeshazikaanga kwako. Adhana ilipolia alikuwa ameketi, khanga safi, tende mkononi. Wifi mdogo alileta kalimati ngumu kama gololi, wakamcheka mpaka tarawehe, na zikaliwa zote.