Kufanana na Kujua: Kiyasi katika Jenomu ya Bakteria

Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, iliyochapishwa mwaka 1998, ina herufi za urithi zipatazo milioni 4.4 na jeni zinazokaribia 4,000, na nyingi kati ya jeni hizo ni maelekezo ya kuunda protini ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezitenga na kuzipima katika maabara. Hata hivyo, watafiti walioichapisha walitaja kazi mahususi za takriban asilimia 40 ya protini hizo, wakapata taarifa kiasi au mfanano kwa asilimia 44 nyingine, na asilimia 16 zilizobaki hazikufanana na protini yoyote iliyojulikana. Ni kwa haki gani mtu husema kwamba anajua kazi ya kitu ambacho hajapata kukiona kikifanya kazi?

Haki hiyo hudaiwa kwa njia ya ulinganisho. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mpangilio wa mnyororo mpya hupangwa sambamba na ule wa vimeng'enya vilivyokwisha kuchunguzwa, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli. Programu kama BLAST, iliyotangazwa mwaka 1990, hutoa alama ya mfanano pamoja na makadirio ya ni mara ngapi mfanano wa kiwango hicho ungetokea kwa bahati tu. Makadirio yakiwa madogo mno, huamuliwa kwamba protini hizo mbili zimetokana na babu mmoja. Hadi hapo hoja ni imara. Udhaifu wake umo katika hatua ya pili, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kimyakimya: kutoka kwenye undugu kwenda kwenye kazi.

Wanazuoni wa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, waliishughulikia hatua hiyo kwa uangalifu ambao wanabiolojia wangeweza kuuonea wivu. Kiyasi chao, yaani kulipa jambo jipya hukumu ya jambo linalolingana nalo, kina nguzo nne: asili, ambayo ni jambo lenye hukumu inayojulikana, tawi, ambalo ni jambo jipya, hukumu yenyewe, na illa, yaani sababu inayoifunga hukumu hiyo na asili yake. Mvinyo wa zabibu umeharamishwa kwa kuwa unalevya, wala si kwa wekundu wake, hivyo kinywaji cha tende kinacholevya huufuata kwa hukumu ingawa rangi yake ni nyingine. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, na ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, alitenga katika kitabu chake Risala namna mbili za kiyasi: ile ambayo jambo jipya limo ndani ya maana ya asili, isiyoleta hitilafu, na ile ambayo jambo jipya linafanana na asili kadhaa, likaambatishwa na ile inayolikaribia zaidi, ambamo wenye kufanya kiyasi wanaweza kutofautiana. Mtafiti anayenakili jina la kimeng'enya kilichoongoza orodha ya mfanano anafanya kiyasi cha namna ya pili, kisha anaandika matokeo kana kwamba ni cha namna ya kwanza.

Illa ya kimeng'enya imo katika asidi amino chache za sehemu inayoshika na kubadilisha kemikali. Kuna vimeng'enya viwili vya bakteria, kila kimoja kikiwa na asidi amino zaidi ya 470, vinavyotofautiana katika 9 tu. Lakini kimoja hung'oa klorini kutoka kwenye atrazini, dawa ya kuulia magugu, ilhali kingine hufanya kazi yake juu ya melamini. Kinyume chake, subtilisini ya bakteria na kimotripsini ya kongosho hazina mpangilio unaofanana, na bado zote mbili hukata protini kwa utatu uleule wa serini, histidini na asidi aspatiki. Hapo illa ni moja bila undugu wowote.

Ibn Hazm wa Andalusia alikikataa kiyasi moja kwa moja, lakini msimamo kama huo ungeisimamisha biolojia, kwa kuwa haiwezekani kuipima kila protini ya kila bakteria. Protini ya InhA ilipotambuliwa mwaka 1994 kuwa shabaha ya isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, mfanano wake na protini ya bakteria wengine ulisaidia kuonyesha pa kuanzia kupima. Dhana ya namna hiyo ina heshima yake. Isiyo na heshima ni taklidi inayofuata, yaani kufuata kauli bila kuuliza ushahidi wake, pale hazina moja ya data inapolinakili jina kutoka hazina nyingine, hadi asiwepo anayejua ni nani aliyepima.

Ipo tofauti ambayo ulinganisho huu hauwezi kuifuta. Katika fiqhi, illa hutafutwa katika makusudio ya Mwenye kuweka sheria, na protini haikuja na andiko linaloeleza makusudio yake. Katika lenzi ya jicho la bata imejaa protini ileile ambayo katika viungo vingine ni kimeng'enya cha kubadilisha laktati, na katika lenzi inafaa kwa sababu inapitisha nuru. Anayeuliza kazi yake hana budi kutaja kwanza ni katika kiungo gani.