Kengele Iliyotolewa Kaburini

Je, ni halali kukitoa kitu kaburini ikiwa wafiwa wenyewe ndio wakiombao? Swali hili hunirudia kila nisomapo habari za Edmund Fitzgerald, meli ya shehena iliyozama katika Ziwa Superior, baina ya Marekani na Kanada, jioni ya tarehe 10 Novemba 1975. (Nao wana Maziwa Makuu yao huko, na dhoruba zake si za kuchezewa.) Ilikuwa na urefu wa mita 222, nayo imebeba tani 26,000 na zaidi za madini ya chuma. Mabaharia wote 29 walipotea. Kuhusu sababu, wapo wasemao maji yaliingilia kwenye vifuniko vya shehena, na wapo wasemao meli iligusa mwamba. Ubishi huo nawaachia wenyewe.

Maji ya ziwa lile ni baridi mno, hata maiti haziibuki. Hakuna hata mmoja aliyepatikana akazikwa. Basi meli yenyewe, iliyolala kwenye kina cha mita 160 hivi, ndiyo kaburi. Mwaka 1994 watafiti walioshuka huko waliona maiti karibu na meli, wakaipiga picha. Wafiwa walighadhibika. Na wafiwa hao hao ndio waliotaka kengele ya meli ipandishwe: ikakatwa na kuletwa juu tarehe 4 Julai 1995, na mahali pake ikawekwa nyingine iliyochorwa majina ya wote 29.

Picha iwe haramu, kengele iwe halali? Nami nilidhani hapo pana mkinzano. Lakini nimefasiri tungo za washairi waliokwisha kufa, kwa idhini ya warithi wao, na najua kuwa idhini ya mrithi siyo idhini ya marehemu. Marehemu haulizwi tena. Kinachosalia ni kumtazama mchukuaji: amechukua nini, na ameacha nini? Mwenye picha alichukua umbo la mtu asiyeweza tena kujisitiri, asiache kitu. Wenye kengele waliacha majina. Kwa hiyo nawakubalia, ingawa sauti ya chuma kikikatwa juu ya vichwa vya wafu hainitoki akilini.

Siku hizi kengele ile imo katika makumbusho ya Whitefish Point, jimboni Michigan. Kila tarehe 10 Novemba hugongwa mara 29, kisha mara moja zaidi kwa ajili ya wote waliozama katika maziwa yale. Mimi hufikiria zaidi pigo hilo la 30. Kabla ya sheria ya Michigan ya mwaka 1980, wazamiaji walikuwa wakichopoa nanga, sahani na kengele katika meli za kale wakaenda nazo majumbani mwao, wala hawakumwomba mtu idhini.