Kitanda juu ya jiko

Neno "mjasiriamali" limeshonwa kwa vipande viwili, ujasiri na mali, na pengine mshono huo ndio unaotupotosha. Tukilisikia, tunamwona mtu mmoja: kijana aliyeacha ajira akaanza kutengeneza sabuni, au mama aliyeanza na ndoo ya karanga na sasa ana maduka matatu. Kwenye semina husimamishwa atoe ushuhuda, nasi tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na hamasa tele lakini bila maarifa. Ujasiri wa mtu ni wake. Huwezi kuuazima wala kuugawa kwa vikundi. Kinachoweza kufundishwa, kikaigwa na kurithiwa, ni utaratibu. Na kwa anayetaka kuona utaratibu unavyoweza kuwatoa watu wa kawaida chini na kuwafikisha mbali, mfano mmoja mzuri uko ng'ambo ya bahari yetu hii hii, katika mtaa wa Girgaum, mjini Mumbai.

Tarehe 15 Machi 1959, wanawake 7 wa Kigujarati, akiwamo Jaswantiben Jamnadas Popat, walipanda juu ya paa la jengo walimoishi wakaanza kusukuma papad. Papad ni mkate mkavu, mwembamba kama karatasi, wa unga wa dengu nyeusi za jamii ya choroko, uliotiwa chumvi, pilipili manga na mvuje. Husukumwa kama chapati na kuanikwa juani, na mlaji huukaanga au kuuchoma juu ya moto kabla ya kuutafuna pamoja na wali. Mtaji wao ulikuwa rupia 80, tena za mkopo, walizopewa na Chhaganlal Karamsi Parekh, mtu aliyejulikana kwa kazi za kijamii. Siku ile walipata pakiti 4 tu, nazo ziliuzwa kwa mfanyabiashara wa soko la Bhuleshwar. Leo ushirika huo, unaoitwa Lijjat, una wanawake wapatao 45,000 katika majimbo mbalimbali ya India, na papad zake zinauzwa hata nje ya nchi. Mwaka 2021 Serikali ya India ilimtunuku Jaswantiben nishani ya Padma Shri. Hata jina lenyewe si geni kwetu: "lijjat" kwa Kigujarati ni utamu wa kitu mdomoni, nalo limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno "ladha".

Wasimulizi wengi hukimbilia kuruka kutoka pakiti 4 hadi wanawake 45,000, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mimi naona somo liko katikati humo, na hasa katika mvua. Pepo za kusi, zile zile zilizowasukuma manahodha wetu kwenda Bara Hindi, zikifika Mumbai humwaga mvua tangu Juni hadi Septemba. Papad bila jua haikauki, na isipokauka huota ukungu. Mwaka wa kwanza wanawake wale walilazimika kusimamisha kazi kwa miezi 4. Mwaka wa pili walinunua kitanda na jiko: papad zikatandazwa juu ya kitanda, jiko likawashwa chini yake, kazi ikaendelea huku mvua ikinyesha. Hakuna mtaalamu aliyeletwa wala mfadhili aliyeombwa. Tangu mwanzo walikuwa wamekubaliana kwamba hawatapokea msaada wa bure hata wakipata hasara. Mkopo watakopa, lakini sadaka hapana. Kanuni hiyo inaweza kuonekana kuwa ni kiburi cha maskini, lakini ndiyo iliyowanunulia kitanda. Mwenye kungoja mfadhili angeikalia mvua ile miezi 4 mingine akiandika barua za maombi.

Kanuni ya pili ilihusu ubora. Mwanzoni walitengeneza papad za aina mbili, nzuri na hafifu, ile hafifu wakaiuza kwa bei nafuu. Parekh akawashauri waachane na mchezo huo: iwe papad moja, ya kiwango kimoja, siku zote. Ushauri huo hatimaye ukawa ndio uti wa mgongo wa kazi. Ushirika ulipopanuka paa halikutosha tena, ikabidi kila mwanamke apewe donge la unga uliokandwa tayari akasukumie kwake. Tangu hapo asubuhi ya tawi la Lijjat ina mpangilio wake: alfajiri wanawake hufika kituoni, wengine kwa mabasi madogo ya ushirika, wakiwa na papad walizosukuma jana. Papad hukaguliwa na kupimwa, msukumaji hulipwa ujira wake, kisha huchukua donge jipya na kurudi nyumbani. Kwa kuwa unga hukandwa mahali pamoja na mkaguzi hutazama kazi ya kila mmoja, papad iliyosukumwa katika chumba kimoja cha mtaa wa mabanda haitofautiani na ile ya mtaa wa pili. Mnunuzi haamini mtu, maana hamjui; anaamini kipimo.

Kanuni ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: anayesukuma ndiye mwenye mali. Hakuna mwanachama asiyefanya kazi, na wanachama wote ni wanawake, wakiitana "ben", yaani dada. Faida hugawanywa, na hasara pia. Maamuzi ya kamati hupitishwa kwa kauli moja, na dada mmoja akikataa, jambo limekwama. Msomi wa biashara ataona huo ni mzigo, na kweli ni mzigo. Lakini unamlazimu kila mwenye wazo kuwaeleza wenzake mpaka walielewe. Hawakufanikiwa kila walipogusa. Tawi walilojaribu kulifungua Malad, mjini Mumbai, mwaka 1961 halikusimama. Baadaye, mwaka 1968, la Valod huko Gujarat likasimama. Waliweza kukosea bila kuvunjika kwa sababu hapakuwa na mmoja wa kubebeshwa lawama peke yake wala mmoja wa kukimbia na sanduku.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala tayari ana jibu mdomoni: hao ni Wahindi, biashara iko damuni. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ina chembe ya ukweli. Jengo lile la Girgaum linaitwa Lohana Niwas, na Walohana ni jamii ya wafanyabiashara tangu zamani. Kina Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani, waliojenga viwanda vya sukari Uganda, walitoka katika jamii hiyo. Lakini tazama vizuri. Elimu ya biashara katika jamii ile ilirithishwa wanaume dukani, wala si wake zao jikoni. Wanawake wale 7 walianza na ujuzi mmoja tu ambao hakuna aliyeuita biashara, ujuzi wa kusukuma papad. Na hata huo waliuingiza katika mradi wa mtu mwingine uliokuwa umekwisha kupata hasara, wakaununua na kuufufua. Zaidi ya hayo, ushirika ulifungua mlango kwa wanawake wa dini zote, matabaka yote na lugha nyingi. Kama ni damu, basi damu gani hiyo inayoingia kwa mtu siku anapopokea donge lake la kwanza? Picha ya Mhindi wa dukani, aliyekaa nyuma ya meza ya fedha, imetuficha mamilioni ya Wahindi wasio na duka, wanaobeba mizigo kichwani, wanaosokota biri na kushona nguo kwa ujira mdogo. Hao ndio wa kufananishwa na sisi.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo hutolewa na watetezi wa wanawake wenyewe: kusukuma papad nyumbani kwa ujira wa kipimo ni kazi ya bei rahisi iliyopambwa kwa jina la udada. Mwanamke anabaki na jiko, watoto na donge la unga juu yake, huku kazi za udereva na uuzaji, zenye mshahara, zikishikwa na wanaume walioajiriwa. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Lijjat haikumwondolea mwanamke kazi ya nyumba. Ilimwongezea kipato ndani yake. Lakini swali la haki ni kwamba, je, kazi ile ile ya nyumbani ingekuwaje pasipo umiliki? Jibu liko Ahmedabad, huko huko Gujarat. Mwaka 1972 Ela Bhatt alianzisha chama cha SEWA kwa ajili ya wanawake wa aina hiyo hiyo, waliosokota na kushona kwa ajili ya madalali waliopanga bei peke yao. Serikali ilisita hata kuwasajili kama chama cha wafanyakazi, kwa hoja kwamba hawana mwajiri wa kumgomea. Mabenki nayo hayakuwataka. Mwaka 1974 wanawake 4,000 wakachanga rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao. Kazi ya mikono haikubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anashika daftari. Ujira wa kipimo pasipo hisa ni unyonyaji. Ukiwa na hisa, sauti na faida ya mwisho wa mwaka, bado unaweza kuwa mdogo, lakini mwenye nao anaweza kuudai ukue.

Nasi tuna mahali pa kupeleka somo hili. Upatu tunaucheza tangu enzi za bibi zetu, vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vimeenea mijini na vijijini, Kenya wana vyama vyao, na halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kukusanya fedha tunajua. Lakini vikundi vingi vinazaliwa kwa ajili ya mkopo na kufa mkopo ukishagawanywa, kila mmoja akaenda na lake, huyu na kuku, yule na mitumba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa. Tunawalaumu wakopaji kwa kukosa uaminifu, ilhali wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wanawake wa Girgaum hawakugawana zile rupia 80. Wangegawana, kila mmoja angepata rupia 11 na ushei, na hadithi ingeishia hapo.

Kwa hiyo kikundi kinapokwenda kuomba mkopo, nisingependa kiulizwe tu kina wanachama wangapi na muhuri wa nani. Ningependa kiulizwe maswali matatu: bidhaa yenu ni moja ipi, na nani ataikataa ikiwa mbovu? Anayefanya kazi kwa mikono, ana kauli katika kamati? Na mvua ikinyesha miezi minne mfululizo, hasara mtaigawanaje, na kitanda atanunua nani?