ALIYEONA NA ALIYESIKIA

Kila Shaabani ikaribiapo kwisha, miji yetu ya pwani huuliza neno moja: nani ameuona mwezi? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, shahidi mmoja mwadilifu atosha watu waanze kufunga, lakini kufungua kwahitaji wawili. Basi Mwislamu ajua tangu utotoni kwamba ushahidi una mizani, na kwamba mizani hiyo si moja kwa kila jambo. Kwa mizani hiyo twapenda kuitazama hoja kubwa ya ndugu zetu Manasara, wasemao kwamba imani yao imesimama juu ya watu walioona kwa macho yao: Nabii Isa (a.s.) akisulubiwa, akifa, kisha akionekana hai.

Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1729 askofu mmoja wa Kiingereza, Thomas Sherlock, alitunga kitabu akawasimamisha wanafunzi wa Masihi kama washitakiwa mahakamani, na wazee wa baraza wakakata shauri kuwa hawakutoa ushahidi wa uwongo. Mwaka 1748 David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, akasema kwamba hapana ushahidi utoshao kuthibitisha muujiza, ila uwongo wa ushahidi huo uwe ni ajabu kubwa kuliko muujiza wenyewe. Wako vijana wetu waipendao hoja ya Hume wajadilianapo na Wakristo. Hawaoni kwamba shoka hilo laukata mti wa jirani na wetu pamoja, kwani aliyekubali neno hilo atasema nini juu ya kupasuka kwa mwezi?

Njia ya wanazuoni wetu ni nyingine: wao huuliza nani amepokea kwa nani. Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa karibu mwaka 55, awataja waliomwona Masihi baada ya kufa: Kefa, kisha wale 12, kisha ndugu zaidi ya 500, kisha Yakobo, na mwisho yeye mwenyewe. Insafu yatulazimisha kusema kwamba mapokezi haya si ya kubezwa. Paulo huyo, katika barua yake kwa Wagalatia, aeleza kwamba alikaa na Kefa siku 15, na Yakobo alimwona. Asemaye kwamba habari hizi zilizuliwa karne nyingi baadaye asema asilolijua. Walakini wale 500 hawana majina, wala hapana hata mmoja wao aliyetuachia neno lake. Wanazuoni wa hadithi wangeiita hiyo habari ya mtu mmoja juu ya watu 500, na si habari ya watu 500.

Husemwa pia kwamba wa kwanza kulikuta kaburi tupu walikuwa wanawake, na mzushi wa zama zile angaliwachagua wanaume, ambao ushahidi wao ulithaminiwa zaidi. Twaona hoja hii ina nguvu, na yaonyesha ukweli wa nia. Lakini katika Injili zote nne hapana mtu aliyemwona Masihi akifufuka ndani ya kaburi. Tena mpokezi kwetu hapimwi kwa uadilifu peke yake. Hutazamwa pia udhibiti wake, kwani mkweli aweza kukosea.

Hapa Mnasara naye ana swali, nalo ni zito. Sura ya Nisaa, aya ya 157, yasema kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Ikiwa macho ya waliokuwapo yaliona kisichokuwa, macho ya nani yataaminiwa? Wengi wetu hulipita swali hili mbio. Sisi twasema wazi kwamba aya hiyo hatukuiamini kwa ushahidi wa mtu aliyekuwapo siku ile Yerusalemu. Tumeiamini kwa kumsadiki aliyetuletea. Usiku wa Isra hapana mwanadamu aliyefuatana na Mtume (s.a.w.) kushuhudia, na Abubakar alisadiki kwa kuwa alimjua msemaji. Mnasara naye, akisukumwa hadi mwisho wa hoja yake, hufika kwa Kefa. Na Injili zake hazikuficha kwamba Kefa huyo alimkana mwalimu wake mara 3 katika usiku mmoja. Mazungumzo yetu naye yafaa yaanzie hapo.