Katika Yai la Kienyeji na Yai la Kisasa, na Haki ya Mnunuzi

Imeulizwa: mtu wa mwambao asafiri kwenda bara kwa biashara yake, apite Iringa, kisha afike Mbeya. Aingia soko la Mwanjelwa kununua mayai, aoneshwa matenga mawili. Katika moja mna mayai makubwa, rangi yake ya udongo, yalingana kama yaliyopimwa. Katika la pili mna madogo, mengine meupe, mengine ya rangi ya maziwa. Aambiwa, "Haya ya kisasa, na haya ya kienyeji," na bei ya madogo yapita bei ya makubwa. Je, ni sawa kutoa bei hiyo? Na lau yale madogo si ya kienyeji kama yalivyotajwa, muuzaji yampasa nini, na mnunuzi ana haki gani?

Masala haya watu huyadharau kwa kuwa yai ni kitu kidogo. Lakini wauzao mayai ni wengi, na wanunuao ni kila nyumba, na shilingi mia mbili ikichukuliwa pasipo haki kila asubuhi huwa mali kubwa.

Yatupasa kwanza kukijua kitu chenyewe. Kuku wa kienyeji ni huyu tumjuaye sote, azungukaye uani na shambani, akachakura apate wadudu, majani na chembe za nafaka. Hutaga mayai kama 40 hata 60 kwa mwaka, kisha hulalia na kulea. Kuku wa kisasa wa mayai amechaguliwa na watu kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kutaga: akilishwa vema hukaribia mayai 300 kwa mwaka, na kulalia ameacha. Yai lake ni gramu 60 hivi, na la kienyeji gramu 40 hivi. Basi bei ya kienyeji imetoka katika uchache wake. Tupige hesabu kwa mfano: la kisasa likiwa shilingi 400 na la kienyeji 600, mwenye kununua la kienyeji hakuzidisha nusu tu kama adhaniavyo, kwa uzito wa chakula alichokipata ametoa zaidi ya mara mbili.

Watu huvunja yai, wakaona kiini cha njano iliyokoza, wakasema hili ndilo lenye nguvu. Rangi ile yatoka katika chakula cha kuku. Alaye majani mabichi au mahindi ya njano, kiini chake hukoza. Na nchi za Iringa na Mbeya ni ghala ya mahindi ya Tanzania, lakini mahindi yake aghalabu ni meupe. Basi kuku wa bandani alishwaye mahindi hayo na pumba zake hutoa kiini kilichopauka, ijapokuwa yeye ni mzima na yai lake ni zima. Mfugaji akimtupia mchicha kila siku, baada ya wiki mbili hivi kiini hugeuka. Protini ya mayai haya mawili, gramu kwa gramu, haipishani sana. Mafuta na vitamini hufuata alichokula kuku. Ama ladha ni jambo jingine, na mwenye ulimi hahojiwi.

Wako pia wasemao kwamba la kienyeji ni bora kwa upande wa dini, kwa kuwa ni safi. Hawa wamesahau mlango wa jallala, naye ni mnyama alaye najisi. Wanazuoni walipoutaja mlango huu hawakumkusudia kuku wa bandani, kwani hakuwako. Walimkusudia huyu huyu azungukaye majaani. Kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imamu Nawawi katika Minhaji ni kwamba nyama yake ikibadilika kwa najisi ni makuruhu, na akilishwa chakula safi hata akatengenea, karaha huondoka. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu kabla ya kumla. Na Abu Musa al-Ashari, mtu mmoja alipojitenga na chakula kwa sababu alimwona kuku akila uchafu, alimwita aje ale, kwani yeye alimwona Mtume (s.a.w.) akila kuku. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumtia mwenziwe shaka juu ya kuku wake, wa uani wala wa bandani, ila kwa dalili ya kuonekana.

Huenda msomaji akasema: ikiwa tofauti ni ndogo hivi, basi aliyedanganywa hakupoteza kitu. Hilo ni kosa. Sheria haimwulizi mnunuzi hekima ya matakwa yake. Huuliza: je, sifa hii watu huikusudia, wakaongeza bei kwa ajili yake? Ikiwa ndiyo, basi ni haki yake. Ni katika Minhaji kwamba mwenye kununua mnyama kwa sharti ya kuwa ana mimba au ana maziwa, kisha sifa ile ikakosekana, ana hiari ya kumrudisha. Na sifa ya kienyeji yakusudiwa pasi na shaka, kwani bei yenyewe yaishuhudia. Tena yai halifunguliwi sokoni. Wanazuoni wamelitaja yai pamoja na komamanga, wakasema kuona ganda la nje kwatosha katika kuuza, kwa kuwa ganda ni hifadhi ya kilichomo kwa maumbile. Mnunuzi basi hana lake ila ganda na neno la muuzaji. Ganda halisemi kuku alilala wapi. Limebaki neno, na kwa neno hilo zimetolewa zile shilingi mia mbili za ziada.

Hapa pana ugumu wa kweli. Zamani sifa zilikuwa mbili tu, na kila mtu alizijua. Siku hizi wako kuku wa tatu, chotara: Kuroiler, ambaye asili yake ni India, na Sasso, wa Ufaransa, ambaye vifaranga vyake vimekuwa vikitotolewa huko huko Iringa. Hawa huvumilia kuachiwa nje, huchakura kama wa kienyeji, nao hutaga zaidi yao. Mfugaji wa kijiji cha Iringa huleta mayai yao mjini, akasema ni ya kienyeji, na moyoni mwake haoni kuwa amesema uongo, kwa kuwa kuku wake hawakufungiwa. Mnunuzi naye husikia kienyeji, akafahamu kuku wa asili ya nchi, kwani neno lenyewe latokana na mwenyeji. Mmoja amekusudia malezi, na mwingine amekusudia nasaba.

Kanuni yetu ni kurejea katika ada ya watu wa mahali. Walakini ada ikigawanyika haiwezi kuamua, na hapo yampasa aliye na ujuzi kubainisha. Muuzaji ajua, mnunuzi hajui. Kwa hiyo naona ni wajibu kulitaja jina la chotara, tena pasipo kungoja kuulizwa, maadamu ajua kwamba bei itashuka akilitaja. Kule kuogopa kushuka kwa bei ndiko dalili kwamba sifa ile yakusudiwa. Na akisema, "Ni chotara, lakini wanazunguka nje," amesema kweli yote, na atapata wanunuzi.

Ama yule achukuaye mayai madogo ya kisasa, yale ya kuku waanzao kutaga, akayapaka majivu au matope, akayachanganya na majani makavu ili yaonekane yametoka kijijini, huyu amekwenda mbali. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akapata umajimaji chini, akamlaumu mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Basi dhambi ya mpaka matope haina khilafu. Khilafu yaweza kuingia katika kurudisha. Wanazuoni walimpa hiari aliyenunua mnyama ambaye kiwele chake kilifungwa maziwa yakusanyike. Vilevile aliyenunua mtumwa ambaye uso wake ulitiwa wekundu au nywele zake zilitiwa weusi. (Utumwa umekwisha katika nchi zetu, mifano yake imebaki vitabuni, nayo yafaa kwa kupimia.) Lakini ikiwa nguo ya mtumwa ilipakwa wino ili adhaniwe mwandishi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mnunuzi hana hiari, kwa kuwa aliweza kuuliza na kujaribu, asifanye. Je, matope juu ya yai ni kama wekundu wa uso, au kama wino wa nguo? Kwangu mimi yaelekea kwenye wino, ikiwa muuzaji alinyamaza na mnunuzi hakuuliza. Matope hushika yai lolote. Akiuliza, akajibiwa, "Ya kienyeji," hapo jambo limetoka katika matope likaingia katika sharti, na hiari imethibiti. Kwa hiyo nasema na mnunuzi: uliza kwa ulimi, usinunue kwa macho.

Ubovu una hukumu yake. Yai jipya likitiwa majini huzama na kulala, lililokaa husimama, lililoharibika sana huelea, kwani ganda lina vitundu, maji ya ndani hutoka na hewa huingia. Mbeya iko juu, kadiri ya mita 1,700, na baridi yake hulihifadhi yai. Lililokaa wiki Mbeya si sawa na lililokaa wiki Tanga. Aliyelivunja akalikuta limeoza tangu kwa muuzaji hadaiwi fidia ya kulivunja, kwani ubovu haukujulikana ila kwa kuvunja. Wanazuoni wamelitaja yai hapa pamoja na nazi. Na yai la kuku lililooza halina thamani, basi biashara yake ni batili, na bei hurudi yote. Lakini lililooza mikononi mwake, njiani baada ya kupita Morogoro, hilo ni lake.

Limebaki swali la aliyekwisha kula. Ameyanunua kwa jina la kienyeji, ameyala yeye na watoto wake, kisha akapata habari ya yakini kuwa ni ya kisasa. Kurudisha hakuna tena. Anastahiki tofauti ya thamani, nayo ni deni juu ya muuzaji. Na muuzaji akitaka kutubu, toba ya ulimi haimwondolei deni hili. Aliyeuza trei 10 kwa jina lisilo lake ameuza mayai 300. Ikiwa ziada ilikuwa shilingi 200 kwa kila yai, ana shilingi 60,000 za watu mkononi mwake. Awajuao awarudishie. Wasafiri walioteremka basi Mwanjelwa, wakanunua, wakaenda zao, asiojua majina yao wala miji yao, awatafute kadiri awezavyo, na akikata tamaa azitoe sadaka kwa ajili yao, naye akinuia kwamba akitokea mmoja wao siku yoyote akadai, atamlipa.