Uadilifu Unaolipiwa

Msaada wa masharti ya utendaji hupewa nchi iliyokwisha kufikia viwango fulani, si ile inayoahidi kuvifikia. Mfano mashuhuri ni shirika la serikali ya Marekani, Millennium Challenge Corporation (MCC), lililoanzishwa mwaka 2004. Kwa kawaida nchi isiyovuka alama ya katikati ya kundi lake la kipato katika udhibiti wa rushwa huachwa, hata kama imefaulu mengine.

Je, serikali inayoacha rushwa kwa kufuata fedha imekuwa adilifu? Immanuel Kant, mwaka 1785, alimtaja mwenye duka asiyempunja mteja kwa kuwa tu anailinda biashara yake: anatenda sawa, ila tendo lake halina thamani ya kimaadili. Hoja hiyo inambana mtu binafsi kuliko dola. Dola haina dhamiri ya kupimwa, na mgonjwa asiyedaiwa kitu kidogo hospitalini hana haja na nia ya waziri. Aristotle naye alishikilia kwamba tabia njema hujengwa kwa kutenda, hivyo hata mwanzo wenye tamaa unaweza kuzaa mazoea mema.

Tatizo kubwa zaidi ni nani anayewajibikiwa: mfadhili au mwananchi. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2007 iliunda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Februari 2008 nchi hiyo ikatia saini na MCC mkataba wa dola milioni 698 kwa ajili ya barabara, umeme na maji. Lakini sheria na ofisi ndizo mfadhili huziona upesi. Mkono unaochota fedha hauonekani hivyo. Mwaka 2014, mkataba wa pili ukiwa bado unaandaliwa, kashfa ya kuchotwa kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow ililitikisa Bunge.

Mkataba huo wa pili, wa takribani dola milioni 472, ulisitishwa Machi 2016, na sababu haikuwa rushwa: ilikuwa uchaguzi wa marudio Zanzibar, baada ya ule wa kwanza kufutwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ajabu ni kwamba miezi hiyohiyo Rais John Magufuli alikuwa akitumbua majipu, yaani kuwaondoa maofisa waliotuhumiwa, kampeni iliyopata nguvu kwa wapiga kura waliochoshwa na ufisadi. Wafadhili hawakuianzisha, wala kuondoka kwao hakukuizima.

Hata adhabu yenyewe ina kasoro ya haki. Fedha zilizositishwa zilikuwa za umeme. Aliyezikosa ni mwananchi anayewasha kibatari, ambaye hakufuta uchaguzi wala hakutunga sheria.